Neno "Dawa" Kwenye Bwawa la Majitaka

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tekla Marselino. Umri: miaka 58. Kabila: Mpogoro. Dini: Mkristo. Kazi: mwangalizi wa mabwawa ya majitaka. Makazi: Lumemo, Ifakara.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza ninayoyajua, nina akili zangu timamu, ingawa tangu asubuhi sijala kitu.

Mnamo mwezi Novemba 2024 alikuja kazini kwetu kijana wa chuo, Festo Zakayo, ambaye sasa mmemweka mahabusu. Anasomea mambo ya majitaka. Alining'iniza vibao vya plastiki bwawani, vikaota ule utelezi ambao mimi kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiukwangua kwa brashi. Aliniomba nisiuguse. Anauita utando. Anausemesha, afande, nimemsikia kwa masikio yangu.

Kazi yake ni hii. Anaweka kibao kwenye beseni, anamwaga maji ya chumvi, kisha anashusha sindano nyembamba sana ndani ya utando, kidogo kidogo, na kila dakika anaandika chumvi imefika wapi. Utando ukiwa mnene chumvi inakawia kupenya, kama mchuzi kwenye ukoko wa wali. Aliniambia hewa nayo inakawia hivyo hivyo, na vijidudu vya chini vinavyokula uchafu vinakosa pumzi. Hapo maji yanatoka bwawani yangali machafu, yanaingia mfereji wa mashamba ya mpunga. Anataka kujua utando uachwe uwe na unene gani. Kijana ana adabu. Shikamoo yake haijawahi kunipita, na wali wangu anaumaliza mpaka huo ukoko.

Leo Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa 3:10 asubuhi, nilikuwa nafyeka majani kando ya bwawa la pili. Festo alikuwa anaongea na mwalimu wake kwa simu, na kwa vile mtandao ulikuwa unasumbua, alipaza sauti. Nilimsikia akisema, "Dawa imepenya, mwalimu! Kufika mchana itakuwa imefika chini kabisa!"

Nje ya uzio alikuwepo Mabula, mfugaji, ananywesha ng'ombe mferejini. Wiki iliyopita ng'ombe wake mmoja alikufa. Bwana mifugo alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe, lakini mwenye uchungu haambiliki. Mabula aliruka uzio na fimbo yake, anapiga kelele, "Kumbe ni huyu! Ndiye anayetia dawa kwenye maji!"

Saa 3:25 walishafika watu kama thelathini. Nilisimama mbele ya Festo na fyekeo langu. Nilichukua chupa yake ya maji ya chumvi, nikanywa funda moja, nikasema, "Ni chumvi, onjeni!" Hakuna aliyeonja. Mama mmoja alisema, "Na huyu naye ameshalishwa." Saa 3:50 askari mlifika, mkamchukua Festo, chupa, na vibao sita kwenye mfuko wa plastiki.

Mabula simlaumu. Ningekuwa mimi, ningekuja na fimbo mbili.

Sasa afande, hapa andika vizuri. Neno dawa silo la Festo. Alipofika alikuwa anasema kemikali. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mwanangu, huku ukisema kemikali watu watakukimbia. Sema dawa." Nilifikiria dawa ya hospitali. Sikufikiria dawa ya kuulia samaki, wala ile ya kwa mganga. Nimezaliwa hapa hapa, nilipaswa kujua. Alinitii kama mtoto anavyomtii mama yake, na kwa kunitii leo amekaa kwenye sakafu yenu. Inaniuma sana.

Nina ombi. Vile vibao vilivyo mezani kwako vinakauka. Utando ukikauka umekufa, na hiyo ni miezi mitatu ya Festo. Nimekuja na ndoo ya maji ya bwawa, iko nje. Askari wa getini ameshalalamikia harufu.

Nimesomewa niliyosema na nimeyakubali. Ni yangu yote, pamoja na neno dawa.

(Sahihi) T. Marselino, saa 6:05 mchana

Yameandikwa nami, Koplo Luciana Joachim. Mlalamikaji Mabula ameitwa na kusomewa maelezo haya. Chupa ameionja yeye kwanza, kisha mimi. Ni chumvi. Vibao vimetiwa kwenye maji ya ndoo saa 6:20. Festo Zakayo ameachiwa saa 7:00 mchana. Ndoo imebebwa na Mabula hadi bwawani.