Lugha Aliyorudi Nayo Mume Wangu

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na wewe una haraka hata ya kusoma. Goti linaendeleaje? Wajukuu bado wanakupanda mgongoni? Sisi hapa tunaamka na kulala salama. Binti amefaulu mitihani yake. Mimi ni mzima, mikono tu imechoshwa na pasi. Mdogo wako anakula vizuri, anaweza kukaa mwenyewe, na kukiwa na jua namtoa nje, namkalisha kwenye kiti pale mlangoni pa chumba changu cha udobi, akawa ananitazama nikinyoosha nguo za watu.

Nimepata ujumbe wako kwamba mwisho wa mwezi unakuja na gari kumchukua, umpeleke kwenye ile nyumba ya kulelea wagonjwa. Umesema mtu asiyejua alipo wala anachosema hawezi kukaa katikati ya mapasi ya moto na mabeseni ya maji, na kwamba nikiendelea hivi nitaanguka mimi kabla yake. Sijakasirika. Haya, nilikasirika siku ya kwanza, wewe unanijua, lakini yamepita. Umemlea tangu ananyonya kidole na unamwonea uchungu. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujawasha gari, unisome mpaka mwisho.

Unakumbuka alivyoamka hospitali baada ya kiharusi, akawa anatoa maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wewe ulilia, mimi nikajikaza kisabuni. Tulipomrudisha nyumbani ndipo binti akamsogezea simu mdomoni, na ile simu ikaandika maandishi ya kujikunjakunja, na chini yake kwa Kiswahili: fungueni dirisha, nina joto. Tulitazamana, mimi na mtoto. Akafungua dirisha. Mdogo wako akafumba macho kwa raha. Kumbe hakuwa akipayuka, alikuwa akiongea Kithai, lugha ya kule alikokaa miaka yote ile akitengeneza mitambo ya barafu. Daktari alituambia hutokea, ugonjwa unamfungia mtu lugha ya mama yake na kumwachia ile ya ugenini. Hayo nilikueleza kwa simu.

Ambalo sikukueleza ni kwamba nimejifunza Kithai.

Cheka, umalize, halafu uendelee kusoma. Simu peke yake haikutosha. Mdomo wake umepinda upande, mashine inaambulia neno moja na mengine inayabuni. Siku moja aliomba maji, ikatuambia anataka kuuza pikipiki. Nikasema hapana, mume wangu hawezi kufa kwa kiu kwa sababu ya pikipiki. Binti akaniwekea programu ya kujifunzia, yenye picha na sauti, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya wanga, nikavaa hedifoni, nikawa napiga pasi huku narudia maneno. Wateja waliniona napanda na kushuka sauti peke yangu wakadhani nimeingia kwaya. Lugha ile ina milima na mabonde, wifi. Nikitaka kumwambia njoo, sauti ikipanda kidogo tu nimemwita mbwa. Na maandishi yake hayana nafasi kati ya neno na neno, yameshikana kama nguo zilizotoka kwenye mashine, inabidi uanze kuchambua hili ni shati na hili ni suruali. Kila herufi ina jina la kitu, ya kwanza ni kuku na inayofuata ni yai. Nilizichora kwa chaki kwenye meza ya pasi nikawa nazifuta kwa mvuke. Usiku nilikuwa nikiota kuku. Lakini ng'ombe hazeeki maini, na sasa nasoma taratibu, kidole kikiwa kwenye kioo cha simu, na katuni za watoto wa kule nazifuata.

Kosa langu ni kwamba ile programu ilikuwa ya watalii, na sikujua. Siku niliyojipa moyo nikakaa mbele yake nikamwambia sentensi yangu ya kwanza kamili, nilimuuliza kama chumba kina feni. Mdogo wako alinitazama, akatazama feni juu, akanijibu kwa adabu zote kwamba kinayo, ila inapiga kelele. Halafu akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu augue. Nilitoka nje nikalia nyuma ya kamba za nguo, kwa furaha.

Sasa nikwambie ukweli ambao hata binti hajui. Sikuanza kujifunza kwa huruma peke yake. Nilianza kwa wivu. Neno la mke nilikuwa nimelijua mapema, ni katika yale ya mwanzo ambayo simu ilituandikia, na yeye alikuwa akilitaja kutwa. Mke, mke, mke, kwa lugha ya huko. Nikasema basi yale mliyokuwa mkinong'ona ni ya kweli, ana mwanamke kule, ndiyo maana lugha yake imegoma kumtoka. Nilitaka kumjua ni nani. Nilinyoosha mashati ya watu kwa hasira mpaka kola zikawa zinakata shingo.

Nikaelewa kidogo kidogo. Kwanza nilisikia kwamba huyo mke ana kovu la pasi mkononi. Nikasikia kwamba ana mdomo mkali na moyo laini, na kwamba akiudhika hunyamaza kisha huimba vibaya. Kwamba siku anasafiri alimwacha kituo cha basi amevaa gauni la kijani, na hakugeuka kumtazama kwa sababu angegeuka asingeondoka. Wifi, katika ndoa yetu yote mdogo wako hajawahi kunitamkia neno la mapenzi. Unamjua, akinipenda sana ananitengenezea friji. Kumbe yote alikuwa nayo, ila yametoka kwa lugha ambayo alikuwa na uhakika siielewi.

Sikuweza kuvumilia. Nikamshika mikono nikamwambia kwa Kithai changu chote, "Mimi ndiye. Mimi ndiye mke wako."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia. Akaniambia, "Hapana, dada. Mke wangu hajui Kithai."

Ndivyo ilivyo. Miezi aliyokaa nasi baada ya kurudi, kabla ya kiharusi, imefutika. Kichwani mwake bado yuko kule, kwenye chumba cha kupanga juu ya karakana, na mimi ni dobi wa jirani anayeongea lugha yao kwa kubabaisha. Nikimsemesha kwa Kiswahili, hanielewi. Nikimsemesha kwa Kithai, mimi si mkewe. Nimemkumbuka, wifi. Namkumbuka mtu ninayemkata kucha. Nilimngoja miaka yote ile nikijua yuko mbali, na sasa yuko mlangoni pangu, nami namngoja zaidi ya zamani.

Jumapili nilikuwa nakunja mashuka, akaniuliza kama nina mume. Nikasema ninaye, yuko mbali. Akauliza anarudi lini. Nikamwambia sijui, namngoja tu. Akaunyoosha ule mkono wake mzima, akanipigapiga begani.

"Mngoje, dada," akasema. "Hata mimi mke wangu ananingoja. Usichoke."

Kwa hiyo umesema hajui anachosema. Anajua. Alipo ndipo asipopajua, na hilo sikatai. Kule unakotaka kumpeleka watamwogesha vizuri kuliko mimi, watampa chakula kwa saa na dawa kwa saa, na wewe utalala usingizi. Lakini atakapoanza kusema ananikumbuka, nani kule atamsikia? Watasema mzee anapayuka, watamfunika shuka. Mimi sina kingine nilichobakiwa nacho kwake ila kukaa nikamsikiliza ananitaja. Usininyang'anye. Ukija na gari, njoo, lakini uje kututembelea, na ukae siku kadhaa unisaidie kumwinua kitandani, kwa sababu ni kweli nachoka.

Nifikishie salamu kwa shemeji, na wajukuu uwabusu wote hata yule mtundu. Binti anakuamkia, shikamoo shangazi.

Na mdogo wako amenituma. Asubuhi nilimwambia kwa Kithai naandika barua, akadhani mimi ni mgeni mwenzake kule na barua inakwenda nchi yetu, na kweli sikumkosoa. Akasema kama kuna mtu wa kwenda huko, nyumbani kwao ana dada yake mkubwa, mkali sana, aliyemlea kwa kumbeba mgongoni. Aambiwe kwamba yeye ni mzima, asilie, na kwamba anakaribia kurudi.

Nimekufikishia.

Ni mimi wifi yako,
Dobi