Mlango wa Chumvi na Sukari

Kumasi, 14 Machi 1983

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku chuoni. Mimi sijambo, ila njaa tu, na njaa mwaka huu ni ya kila mtu. Hujambo wewe? Mgongo umetulia? Na mwanangu Ebo, bado anaficha viatu vyako ili usiende sokoni?

Uliniuliza ni kitu gani hicho ninachosoma hata nimwache mtoto wa miaka mitatu kwa bibi yake. Nasoma utando wa seli, Mama. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kimezungushiwa ngozi nyembamba ya mafuta. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyaogopa, basi zimejipanga safu mbili: vichwa vinatazama maji ya ndani na ya nje, mikia imejificha katikati. Unavyoona mafuta ya mawese yanavyokataa kuchanganyika na supu, ndivyo. Chumvi haipenyi hapo, wala sukari. Vinapita kwenye milango, na kila mlango unachagua wa kumpokea. Milango ikiharibika, mtu anaugua. Hiyo ndiyo kazi iliyonitoa nyumbani.

Redio inasema kipindupindu kimeingia pwani. Mtoto akianza kuharisha, usingoje. Chemsha maji lita moja, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vipande sita vya sukari, umnyweshe kidogo kidogo mchana kutwa. Najua sukari haipatikani, kwa hiyo nimempa dereva Bondzie mkebe mzima akuletee. Usiniulize niliipataje.

Mbusu Ebo.

Binti yako,
Ekua


Abrekum, 25 Machi 1983

Ekua mwanangu,

Barua nimeipata na nimeisoma mwenyewe, sikumwita mwalimu wala katekista. Sisi hatujambo. Mgongo umepoa kabisa, maana hakuna mahindi ya kupika kenkey. Njaa imeutibu, waambie hao madaktari wenu.

Habari za mafuta yako nilimsimulia Ebo. Sasa hana kazi nyingine, anajigonga tumbo siku nzima kama anayebisha hodi mlangoni: “Agoo!” Halafu anabana sauti na kujiitikia mwenyewe: “Amee!” Jana kanisani alifanya hivyo katikati ya sala, watu wote wakageuka. Umenitia aibu, wewe na milango yako.

Sukari imefika. Siku hiyohiyo mwanao aliiba vipande viwili, nikamchapa makofi mawili, na mkebe nikautundika juu kwenye boriti. Mwanangu, hivi vitabu vimekusahaulisha kila kitu? Nani asiyejua kwamba utamu ndio unaoleta kooko, na kooko ndiyo inayomkatakata mtoto tumbo? Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikula miwa ya watu, ikabidi nikupige bomba la bentoa, maji ya tangawizi na pilipili, huko nyuma, ukakimbia uchi mpaka kwa Mamaa Esi. Ulipona au hukupona?

Sukari nitakutunzia mpaka utakapokuja baada ya mitihani. Soma kwa bidii.

Mama yako,
Araba Essuman


Abrekum, 4 Aprili 1983

Ekua mwanangu,

Ninakusalimu, lakini siwezi kusema hatujambo. Ebo anaumwa tangu jana alfajiri. Kinachomtoka si choo tena, ni maji meupe kama maji ya kuoshea mchele. Macho yameingia ndani. Nikimfinya ngozi inabaki imesimama.

Usihangaike, maji yako ninampa. Nimechemsha, nimetia chumvi, anakunywa bila kugombana, maskini. Sukari ndiyo sikutia. Tumbo lenyewe limeshaharibika hivi, nimwongezee kooko? Chumvi nimezidisha kidogo kufidia. Lakini yanapita tu, Ekua. Yanaingia juu yanatoka chini, kama namimina kwenye kapu. Bentoa nimempiga mara moja, hali ikawa mbaya zaidi, nimeacha.

Zahanati ni mbali na hakuna gari lenye petroli. Kijana wa Bondzie amekwenda kwa miguu mpaka barabara kuu atafute. Barua hii nampa dereva wa lori la samaki anayekuja huko. Kama kuna dawa nyingine kwenye vitabu vyenu, niandikie upesi.

Mama yako,
Araba


Kumasi, 8 Aprili 1983

Mama,

Samahani, leo sisalimii. TIA SUKARI. Ukisoma hapa, weka barua chini, shusha mkebe, tia sukari, mpe, kisha urudi kusoma.

Mama, nisikilize. Sumu ya kipindupindu inafungua milango ya utumbo ya kutokea nje. Chumvi inamwagika, na maji huifuata chumvi popote iendapo. Milango ambayo chumvi huingilia peke yake, ugonjwa umeifunga. Umebaki mlango mmoja ambao hauguswi, nao una tabia yake: haumpokei chumvi akija peke yake. Lazima aje ameshikana mkono na sukari. Wakija wawili, unafunguka, wanaingia, na maji yanaingia nyuma yao. Ukimpa chumvi bila sukari, anagonga tu na hakuna anayeitikia. Chumvi ukiizidisha ndiyo mbaya kabisa, inayavuta maji yaliyobaki mwilini yatoke. Sukari hapa si utamu, Mama. Ndiyo dawa yenyewe. Kooko haihusiki, nakuapia kaburi la Baba.

Nimekwenda kituoni tangu asubuhi. Lipo basi moja tu, watu wameng’ang’ania mpaka kwenye paa, nimesukumwa nikaanguka. Barua hii namtupia dirishani mwanamke wa vitunguu anayeteremka Saltpond. Gari la pili likitokea nitalipanda hata kwa meno.

Mwambie Ebo nakuja.

Ekua wako


Abrekum, 6 Aprili 1983

Ekua mwanangu,

Pole. Kaa chini kwanza, mwite rafiki yako akae karibu, ndipo usome.

Ebo ametutoka jana jioni. Tumemzika leo asubuhi, kwa maana watu wa afya walisema waliokufa kwa ugonjwa huu wasilale ndani. Hatukumvika zile nguo ulizomnunulia, walikataa. Nilipomkumbatia mara ya mwisho nilimgonga tumbo polepole nikasema agoo. Nikangoja, Ekua. Mjinga mimi, nilingoja kweli.

Usijilaumu kwamba hukuwepo. Kila ulichosema nilikifanya, na zaidi. Alikunywa mpaka nguvu za kumeza zikamwishia. Nilimlinda na kila kitamu mpaka mwisho.

Njoo utakapopata gari.

Mama yako,
Araba


Kumasi, 11 Aprili 1983

Mama yangu mpendwa,

Barua yako ya tarehe sita imenifikia leo. Kumbe nilipokuwa nagombania basi tarehe nane, mwanangu alikuwa ameshazikwa. Siwezi kuandika habari zake. Petroli imekwisha kabisa mjini. Nikipata hata lori la mbao nitakuja.

Nina ombi moja tu. Kuna barua nilimpa mwanamke wa vitunguu. Pengine itakufikia baada ya hii. Usiifungue, Mama. Ni mambo ya shule, hayana maana tena. Itie jikoni iungue. Kipindupindu kinaua hata hospitalini, mbele ya madaktari. Hakuna ulichokosea. Nimekuandikia wewe mwenyewe, usome kwa macho yako: hakuna ulichokosea.

Nakupenda. Kula chochote, tafadhali.

Binti yako,
Ekua


Abrekum, 20 Aprili 1983

Ekua,

Salamu. Afya ipo.

Barua yako ya kunizuia ilitangulia. Ya yule mwanamke ilikuja siku mbili baadaye, imelowa maji ya vitunguu. Niliishika mbele ya moto. Lakini binti yangu hajawahi kuniandikia mambo ya shule akaniambia nisiyasome. Tangu ukiwa darasa la kwanza ulinisomea kila kitu, nikitaka nisitake. Nikaifungua.

Nimeisoma na nimeielewa. Umeeleza vizuri sana. Mlango ulikuwepo muda wote, ukingoja, na wa kuingia naye alikuwa juu ya boriti, pale nilipokuwa nikimtazama kila nilipoinua kichwa kumlilia Mungu. Nilimnywesha mtoto chumvi tupu kwa mkono wangu, na alikuwa akinishukuru. Hilo sikukuandikia. Kila baada ya kunywa alisema, “Asante, Nana.”

Usije kwanza. Sijui nitakutazama kwa macho yapi. Wanawake wa hapa wenye watoto wanaoharisha nimewaonyesha namna ya kuchanganya, na mtoto wa Mamaa Esi amepona. Wananisifu, na mimi siwezi kukaa nao.

Mkebe wako nakurudishia kwa huyu anayekuletea barua hii. Sukari ipo yote, isipokuwa vile vipande viwili alivyoiba, nikamchapa.

Nashukuru aliiba.

Araba