Santuri ya Sapiwi

Bariadi,
Jumatatu, baada ya kufunga duka.

Kaka yangu Januarius,

Mwangaluka, kaka. Hujambo? Wifi Winnie na watoto hawajambo? Kile kifua chake kimepata nafuu na baridi ya huko Songea? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mvua zilichelewa lakini pamba imetoka vizuri. Baba anakula, anatembea, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi. Usishtuke kuona barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, na baba angesikia kila neno akiwa sebuleni.

Unazikumbuka santuri zake za Malampaka. Alipokuwa karani wa stesheni alijiunga na klabu ya santuri ya Ulaya, na kila mwezi treni ikamletea kifurushi chenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Zilikuwa nyimbo za pop zilezile zilizouzwa madukani, lakini hizi klabu ilizichapisha kwa ajili ya wanachama wake tu, zina lebo ya buluu isiyo na picha, na namba pembeni. Unakumbuka pia siku tuliyohamia Bariadi, sanduku likaachwa juani kwenye trela la trekta, zikapinda zote kama chapati. Nilikuwa mdogo, lakini uso wa baba wa siku ile sijausahau.

Ndiyo maana nilipofungua duka langu la vitambaa nikaanza kumtafutia nyingine. Si santuri yoyote tu. Lazima iwe ya klabu, lebo ya buluu, namba zilezile. Nimezipata Mwanza kwa wauza vitu vya zamani, Kiloleli kwa mjane wa mwalimu mmoja, na nyingine kwa wakusanyaji wenzangu wa Nairobi tunaoandikiana kwenye simu. Nazifuta kwa kitambaa laini, nazipanga kwa namba. Kila nikimletea mpya, baba anaisikiliza mpaka mwisho, ananiambia wabeja, asante mwanangu, halafu anaomba nimfungulie redio asikie taarifa ya habari. Nilidhani furaha ya wazee ndiyo hiyo.

Baada ya misa ya Pasaka alikutana na Mama Felisita, mjane wa Sapiwi. Zamani, kabla mimi na wewe hatujazaliwa, alikuwa jirani wa baba na marehemu mama Malampaka. Jumapili iliyofuata akaja nyumbani na kitu alichokifunga kwenye kitenge. Ilikuwa santuri ya baba, yenyewe kabisa, iliyotoka kwenye lile sanduku kabla halijaachwa juani. Lebo imechubuka, ina mikwaruzo, na sindano inaruka kwenye kiitikio. Kaka, baba alisimama akacheza. Na goti lile! Sindano ikiruka, Mama Felisita anaimba mwenyewe kile kipande ili wimbo usikatike, na baba akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi, ugali unaungua jikoni.

Tangu hapo ikawa kila Jumapili. Jumamosi baba ananyoa ndevu. Shati anataka lipigwe pasi hata ndani ya kola. Akija yule mama, santuri zangu zinasogezwa pembeni. Akiondoka, anaondoka na yake kwenye kitenge. Nilimwomba aniachie, nikamweleza kwamba ndiyo pekee ninayoikosa. Akanijibu kwa upole kwamba ile haitoki mikononi mwake. Nikahangaika mpaka nikapata nyingine ya klabu, namba ileile, safi kama imetoka kiwandani jana. Nikaipiga, baba akasikiliza kidogo, akasema, "Nzuri, Nyanjige. Lakini hii si yenyewe." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Halafu Mama Felisita akaacha kuja. Jumapili ya kwanza baba alikaa barazani na shati lake mpaka jua likamfikia miguuni. Ya pili vilevile. Ya tatu hakugusa chakula. Akaniuliza kama labda alimkosea yule mama kwa kucheza namna ile, mzee mzima mbele ya mjane wa watu.

Kaka, hakumkosea. Ni mimi. Unajua simu baba haiwezi, anaongea kwa ya kwangu. Nilimpigia Mama Felisita nikamwambia kucheza kule kumemuumiza goti, daktari amekataza wageni, na baba mwenyewe anaona aibu, hataki arudi tena. Hilo la mwisho nililitunga nikiwa naongea, na lilitoka kirahisi mpaka nikajiogopa.

Baada ya swali la baba sikuweza kukaa. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Sapiwi, nikamkuta anachambua pamba kwenye turubai. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha. Mikono yake iliendelea na pamba. Kisha akaniuliza, "Unadhani ile santuri nilipewa na baba yako?" Nikasema ndiyo. Akasema alipewa na mama yetu, siku yeye Felisita alipoolewa akahamia Sapiwi. Walikuwa marafiki. Baba akiwa zamu stesheni, wao wawili walifunga mlango wa kota, wakavua viatu, wakaucheza wimbo ule mpaka jasho likawatoka. Siku moja baba aliwahi kurudi akawakuta, naye akaingia kucheza.

Mama yetu, kaka! Mama wa rozari na jembe, ambaye sikuwahi kumwona akitikisa hata bega harusini. Nilidhani wivu wangu wote ni wa baba. Kumbe mwingine ulikuwa unanisubiri pale kwenye turubai. Yule mama amemjua mama ambaye mimi sikumpata.

Hakunikaripia. Alisema tu kwamba hatakanyaga kwetu mpaka nimweleze baba kwa mdomo wangu. Nilimweleza jioni ileile. Alinitazama, akataka nimpigie Mama Felisita, nimpe simu, nitoke nje. Kutoka uani nilisikia kicheko tu. Alipomaliza akaniita, akasema nikuandikie: anataka kumwoa, na anakuomba wewe, mwanawe wa kwanza, uje uwaongoze wazee kwenda Sapiwi. Kuhusu nililofanya alisema jambo moja tu, kwamba mpishi wa siku ya harusi ni mimi.

Jana Mama Felisita alirudi. Usidhani nimekuwa malaika. Nilipomwona anamwekea baba mto chini ya goti, moyo uliniwaka. Lakini baba alipojilaza kidogo nilimfuata Mama Felisita barazani, nikamwomba anionyeshe mama alivyokuwa anacheza. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema nivue viatu kwanza.

Njoo, kaka, kabla mwezi haujaisha. Msalimie sana wifi Winnie, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Baba anakusalimu, anasema uje na koti zuri. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanjige