Meno Yaliyonaswa na Chujio

Winrose, weka chini hiyo chai kwanza.

Si unamjua Mzee Thuranira, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji taka? Kidimbwi kilipoanza kufurika akaapa kanisani kwamba choo chake hakijaunganishwa na bomba la kidimbwi, na atakayepatikana ameunganisha kwa siri atolewe kwenye kamati.

Leo mkutanoni hapa Githongo, Kailemia anayesafisha chujio la kidimbwi akainua kitu kwa koleo. Meno ya bandia. MENO, Winrose!

"Haya yameletwa na bomba. Ni ya nani?"

Mwenyekiti kimya. Yeye ambaye kuombea chakula tu ni nusu saa! Midomo ameibana kama mfuko wa ugoro.

Na angeponea hapo. Lakini mkewe, Ntinyari, na ule moyo wake mweupe, akashangaa kwa sauti: "Baba Kendi, si ulisema umeyasahau kwa daktari?"

Mzee akamgeukia: "Nyamatha!"

Nyamatha, Winrose. Mkutano mzima ukaona fizi.

Kailemia hata hakucheka. Akamnyooshea koleo kwa heshima zote: "Yavae kwanza, mzee, ndio ukijiuzulu tukusikie vizuri."