Bwana Kasanda Alikuwa Wewe, Mama

Mama yangu mpenzi,

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tukuzike. Nimekaa uani kwako hapa Ng'ambo ya Tabora, kwenye kiti chako cha kamba, bahasha iko mapajani, na sijui nianze kukulilia au kukuomba radhi. Tangu Jumatano nafundisha nikiwa nimekaa, na watoto wananitazama kama mgonjwa.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumatano mchana alikuja Mzee Idi, karani wa posta. Aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa pole, akanywa maji, kisha akatoa bahasha ya gazeti kutoka Dar es Salaam. Juu yake paliandikwa Bwana P. Kasanda, Tabora.

Nikamwambia, "Mzee Idi, hapa umekosea nyumba. Huyo Kasanda simjui, na ningemjua tungegombana."

Akajibu, "Mwalimu, barua za Kasanda nampa mama yako, huu mwaka wa sita. Alinisihi nisimwambie mtu. Sasa hayupo, nimpe nani?"

Nilikaa palepale kizingitini. Hata kumshukuru nilisahau.

Unajua nilivyomchukia Bwana Kasanda. Kila mwezi aliandika gazetini maoni yake juu ya vitabu vya hadithi vilivyotoka kwa Kiswahili, na sisi walimu tulinyang'anyana gazeti kwa ajili yake. Tulibishana ni nani. Mmoja akasema ni padre mstaafu, mwingine akasema ni karani wa Bwana Shauri, ofisini kwa wilaya. Hakuna aliyesema ni mjane anayelima karanga nyuma ya soko.

Lakini mimi ningepaswa kujua. Nilikuona ukisoma tangu nilipopata akili. Baba alikuwa gadi wa reli, na kila aliporudi kutoka safari ya Kigoma alikuletea kitabu kilichosahauliwa na abiria. Ulikuwa umejifunza kusoma kwa Wamoravian ili uimbe tenzi kanisani, basi. Hadithi ulizifuata mwenyewe. Ulisoma ukimenya karanga, kitabu umekibana kwa goti. Ukikutana na hadithi ambamo watu wanapendana kurasa mia bila kula wala kushika jembe, ulikifunga kitabu na kusema, "Hawa wanaishi kwa hewa." Wezi uliwapenda, mradi mwandishi aonyeshe walivyoingia ndani. Ila msichana anayezimia kila anapoambiwa jambo, huyo ulimchoka upesi.

Siku moja nilikuuliza kwa nini unarudia kitabu ulichokwisha kukimaliza. Ulinijibu, "Mara ya kwanza mimi mgeni, nakula nilichoandaliwa. Mara ya pili naingia jikoni." Nikacheka, nikaenda zangu. Baadaye Kasanda aliandika karibu maneno hayohayo gazetini, nami nikayasoma bila kushtuka. Ndivyo nilivyokuwa nakusikiliza, mama.

Kisha nikaandika kitabu changu. Kidogo tu, hadithi ya mpagazi anayetoka Unyanyembe na pembe ya ndovu begani mpaka Bagamoyo, akimwacha mkewe nyumbani. Nakala ya kwanza nilikuletea wewe. Ulinawa mikono, ukaifuta kwa kanga, ndipo ukaipokea. Baada ya wiki ulisema, "Nimefurahi umeandika." Hukuongeza neno, nami nikajiambia kwamba labda kimekuzidi kimo. Naandika hivyo na uso unaniwaka.

Miezi miwili baadaye Kasanda akakichambua. Alisifu Kiswahili chake na sura ya kuvuka mto. Halafu akaandika: "Mwandishi anatuambia mpagazi alibeba mzigo miezi mitatu, lakini bega lake hatulioni. Mkewe analia mahali sita, na hana jina. Nani alilima shamba mwaka ule?"

Nilikusomea maneno hayo kwa sauti, kwa hasira, kabla ya chakula. Ulikuwa ukisonga ugali.

"Kakukosea wapi?" ukauliza.

"Kila mahali."

"Hata hapo pa bega?"

"Hapo hasa. Huyu mtu anajua nini juu ya wapagazi?"

Ukainama kuepua chungu. Sikuuona uso wako.

Nikamjibu gazetini, na Tanganyika nzima ikasoma. Nilisema Bwana Kasanda bila shaka ni mtu asiye na mtoto, kwa kuwa aliyewahi kulea hawezi kuivunja kazi ya mtoto wa mwenzake namna ile. Ilipochapwa nilikuja mbio kukusomea hiyo pia. Ukaniomba nirudie. Nikarudia, tena kwa mbwembwe. Ukasema, "Umeandika vizuri. Sentensi ya mwisho ndefu."

Mama, ulikaaje mbele yangu siku ile? Ulinipakulia chakula. Uliniongezea mlenda.

Baada ya Mzee Idi kuondoka nilimwita dada Rebeka, tukafungua sanduku lako. Chini ya kanga tulikuta madaftari kumi na moja, yamejaa mwandiko wako wa kulala upande. Maoni juu ya vitabu vyote yalikuwamo, na juu ya changu pia. Kumbe ulikiandikia mara saba. Mara ya kwanza ni sifa tupu: mwandishi huyu kijana ni fahari ya Tabora, wazazi wake wamebarikiwa. Umeipiga mstari yote, na pembeni umeandika, "Hapa nasema kama mama yake. Anza upya."

Nilimpa Rebeka daftari kwa kuwa herufi zilikuwa zinanichezea. Hakushangaa.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilikuwa namnakilia maandishi mkono ulipoanza kumuuma," akasema. "Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua, ama utaacha kuandika, ama utaandika kumpendeza yeye."

"Na hilo jina la kiume?"

"Alisema wakijua ni mwanamke watalisoma jina, maneno watayaacha."

Nikamwuliza ulijuaje habari za bega. Hapo Rebeka ndiye aliyeshangaa. "Hujui? Babu yake mama alikuwa mpagazi. Alikuwa na kinundu begani kama ngumi. Mama alipokuwa mdogo, kazi yake ya jioni ilikuwa kumpaka mafuta ya nyonyo. Bibi yake ndiye aliyelima, akajenga hata nyumba, babu akiwa pwani."

Hilo limenipiga kuliko yote. Safari ya mpagazi wangu niliitoa katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu vilivyomo katika kabati la shule. Nilikesha navyo, nikinakili majina ya vituo, na wakati huohuo mjukuu wa mpagazi alikuwa akinimenyea viazi. Sikukuuliza hata neno moja. Miaka thelathini na mbili, mama, sikukuuliza bibi yako aliitwa nani. Rebeka naye hakumbuki.

Sikufichi, nimekukasirikia pia. Ungeweza kuniita pembeni ukanambia. Halafu najiuliza kama ningekusikiliza, na jibu nalijua. Kasanda nilimsoma mara tatu kwa sababu nilidhani ni mwanamume mwenye elimu. Wewe usingemaliza sentensi.

Barua ya mhariri niliifungua. Naomba unisamehe, haikuwa yangu. Anamwuliza Bwana Kasanda kama atamjibu yule mwalimu wa Tabora, kwani nafasi ingalipo. Madaftari yote nimeyapekua kutafuta jibu lako. Hakuna. Ukurasa wa mwisho una maoni ya kitabu kingine kabisa, na umeishia katikati.

Basi nafasi hiyo nimeiomba mimi. Nimemwandikia mhariri kwamba Bwana Kasanda amefariki dunia. Kwamba alikuwa mwanamke, mkulima wa Ng'ambo, Mmoravian, mjane wa gadi wa reli. Kwamba alizaa watoto wawili na kuwalea. Na kwamba mmoja wao alimwambia mbele ya nchi nzima kuwa hajawahi kulea. Nimemwomba aichape barua hii ninayokuandikia, yote, asipunguze neno wala asilainishe, na juu yake aweke jina lako kamili, Marta binti Yohana, kwa herufi kubwa.

Pumzika, mama. Kuanzia kesho nawatafuta wazee wa ukoo wako mpaka Goweko, nikaulize jina la bibi yako.

Ni mimi,
mwanao wa kiume, mwalimu