Fahali wa Bibi Katika Orodha ya Marejeo

Mpendwa Mama Mshauri wa redio, pokea salamu zangu, na naomba msaada wako upesi, ila jina langu usilitaje.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Karatu, nyumbani ni Nainokanoka, na muhula uliopita Mwalimu Sebastiani alitupa kazi ya utafiti kuhusu historia ya kwetu, akasema kila habari ifuatwe na tanbihi yenye jina la mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa, na asiyefanya hivyo ni mwizi. Mimi nilikaa siku tatu na bibi yangu akanieleza jinsi walivyoteremsha ng'ombe hadi bonde la Olbalbal wakati wa ukame mkubwa, yeye akiwa msichana, lakini bibi si kitabu, hana kurasa, miaka anaihesabu kwa marika ya morani, na zaidi ya hayo kwetu mtoto hatamki jina la bibi yake, sasa ningeliandikaje kwa wino? Basi nikaingiwa na woga nikatunga kitabu kisichokuwepo, na mahali pa mwandishi nikaweka Sambu, ambalo ni jina la fahali mwenye mabaka wa bibi, nikaandika mwaka 1957, ukurasa wa 83.

Nanyori wa Loliondo, ambaye kwao pia Sambu ni jina la ng'ombe na kitanda chake bwenini kiko karibu na changu, alipoona alicheka hadi akakaa chini. "Jamani, huyu mwandishi wako ana pembe?" Nikamsihi anyamaze. Lakini Hamidi, mtoto wa mwenye duka, alinakili tanbihi zangu bila kuuliza, na wengine wawili wakanakili kwa Hamidi, hata Mwalimu aliposahihisha akamkuta Sambu katika kazi nne, akasimama mbele ya darasa akasema, "Huyu bwana anajulikana kiasi hiki, na mimi sijamsoma! Hamidi, unamwonaje?"

Hamidi akajibu, "Mzito kidogo, Mwalimu, lakini anaeleweka."

Sasa kazi yangu imekuwa ya kwanza na mwisho wa mwezi inapelekwa Arusha kushindanishwa na za shule nyingine, na mshindi atasoma wiki nzima katika maktaba kubwa, nami sijawahi kuona maktaba yenye zaidi ya kabati moja, na Mwalimu anataka anwani ya Sambu ili amwandikie barua. Nikisema kweli naikosa Arusha, nikinyamaza nitaishi kwa hofu. Nifanyeje?

Mwenye Aibu,
Karatu, 1983

*

Mwanangu Mwenye Aibu,

Nimecheka, sikufichi, na fundi mitambo naye amecheka. Sasa kaa vizuri, kicheko kimekwisha.

Kutunga kitabu ni kosa, lakini kubwa zaidi ni hili: bibi alikupa siku tatu za kumbukumbu zake, wewe sifa ukampa ng'ombe. Unasema ni heshima. Heshima gani hiyo? Kutotamka jina lake ni adabu ya nyumbani. Kumfuta katika maneno yake mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Ulimwuliza? Hukumwuliza. Ukipata ruhusa ya kwenda nyumbani, mwulize aitweje kwenye karatasi, kisha andika: mahojiano na fulani, mfugaji, Nainokanoka, na tarehe mliyozungumza. Ukurasa hauhitajiki. Rika alilolitaja litaje kama alivyolitaja, na mwaka unaoukisia sema kwamba umekisia wewe, ili atakayekuja nyuma yako ajue pa kuuliza. Kazi ya tanbihi ni hiyo, si pambo.

Na huyo Hamidi aliyemsoma fahali akamwona mzito, mwambie asitaje kitabu ambacho hajakishika mkononi. Akajisemee mwenyewe, usimbebe.

Wewe nenda kwa Mwalimu Sebastiani peke yako, useme "Nilidanganya" kabla hujasema neno jingine lolote. Huenda akakuondoa kwenye mashindano. Ukubali, wala usimlilie. Huenda pia akakuruhusu usahihishe kazi yako ukaitume, maana habari za bibi yako huko Arusha hawana, lakini usiende kwa kutegemea hilo.

Tena nenda leo. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, lakini fahali sikuweza kumficha, na nadhani Mwalimu wako ana redio.