Nilinunua ampli ya kiwanja, baba mukwe akahamia Makobola

Mama Apollinarie, salamu kutoka Nyamianda. Kila juma ninakusikiliza ku redio mu duka langu, na nisikudanganye, huwa ninawacheka watu wanaokuandikia, ninasema kweli Uvira iko na wajinga, lakini leo ni minye nimeshika kalamu, kwa hiyo naomba unisaidie bila kunichoma sana, na usijisumbue kuficha jina langu, maana mu Nyamianda muntu mwenye ampli kama hii ni minye peke yangu.

Niko muntu mzima, nina bibi, Noella, na watoto, ninauza mabati, misumari na saruji, na tangu asubuhi hadi jioni kazi yangu ni kubishana na watu juu ya bei, sasa nikifunga duka ninataka saa moja tu ambayo hakuna muntu ananiuliza bei ya kitu, na ndiyo maana nikanunua gitaa ya umeme nikaanza kujifunza, ingawa mwalimu wa korali yetu ya kanisani aliangalia vidole vyangu akasema hivi ni vidole vya kubeba saruji, Mungu hakosei. Sikukata tamaa. Kitu kilichokosekana kilikuwa ampli, sanduku la kukuza sauti, sababu gitaa ya umeme bila ampli inalia kama mbu, na minye nilitaka ya kupigia nyumbani tu, kwa sauti ya chini, nisisumbue muntu.

Nikaenda Kavimvira kwa Patient, rafiki yangu anayeuza redio na vyombo vya muziki karibu na mpaka, nikamweleza vizuri kabisa, ya nyumbani, ya sauti ya chini, naye akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Donatien, muntu kama weye hawezi kuonekana na kiampli cha mutoto. Chukua hii. Wati mia moja. Ilikuwa inapigia mikutano ya injili ku kiwanja."

"Lakini ninataka sauti ya chini."

"Si iko na buto ya sauti? Unapunguza."

Mama, maneno hayo niliona iko na akili. Nikalipa, nikapanda pikipiki ampli ikiwa mu mikono yangu, nimeikumbatia kama bibi harusi, watu wa barabarani wakinipisha, na nikajisikia mukubwa.

Sasa sikiliza nyumba yangu. Kuta za ndani ni za mbao, na juu ni mabati matupu, mabati ya duka langu mwenyewe. Nyuma ya mbao ya salon kuna chumba cha Papa Placide, baba mukwe wangu, muzee aliyefiwa na bibi, ambaye nyumba yake ya kando ya ziwa iliingiliwa na maji wakati ziwa lilipopanda, tukamuleta kwetu. Ni muntu wa maneno machache. Anakula kidogo, anafagia mwenyewe mbele ya mulango wake, na minye ninamuheshimu mpaka nikikutana naye mu parsele, pale uani, ninasahau mahali nilikuwa ninakwenda.

Ile jioni ya kwanza nikachomeka gitaa, nikageuza buto kidogo, kimya. Nikaongeza kidogo, kimya. Nikaongeza upana wa unywele, nikapiga uzi mumoja, na Mama, ikatoka sauti ambayo sikuipiga minye. Mabati yote yakalia, mifuniko ya masufuria ikaanguka, bata wa jirani wakakimbilia barabarani. Papa Placide akatoka chumbani na rozari mu mukono, akapita mbele yangu, akasimama katikati ya parsele. Majirani nao wakatoka, wakidhani ni tetemeko. Akaniuliza, "Mukwe wangu, ardhi imetulia?"

Nikajibu, "Imetulia, papa."

Hilo ndilo jibu nilitoa, minye muuza mabati niliyesahau kama bati linalia.

Tangu hapo sikupata amani, nikafunika ampli na blanketi ikaanza kunuka moto, nikaipeleka mu jiko la nje, Noella akasema basi hiyo ampli ndiyo itapika, nikajaribu kupiga bila kuchomeka, sikio limelala ku gitaa kama munganga anayesikiliza kifua cha mugonjwa, mwisho nikawa ninapiga tu wakati muzee amekwenda kanisani, na nikisikia kandambili zake mu parsele ninazima, ninaficha gitaa nyuma ya mulango, ninakaa juu ya ampli mikono mitupu. Yeye anaingia, anasalimia, ninajibu, tunanyamaza, anaenda chumbani. Hata akikohoa tu nyuma ya mbao, ninazima. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima.

Siku moja akasimama mbele yangu akasema, "Donatien, nyumba ni ya kwako. Usijibane juu yangu."

"Sijibani, papa."

Juma lililofuata akasema anakwenda Makobola kumusalimia mutoto wake Toussaint. Akaenda na godoro lake. Mama, muntu anayekwenda kusalimia habebi godoro. Noella aliliona likifungwa juu ya gari, akaniangalia, na tangu ile siku maneno ananiambia ni "bugali iko ku meza", basi.

Nimerudi kwa Patient. Amekubali kuchukua ile kubwa na kunibadilishia, na yeye iko na vitu viwili. Cha kwanza ni kiampli cha wati tano, kidogo kama redio ya babu, ambacho nikionekana nacho wanaume wa duka watanicheka mpaka Pasaka. Cha pili hakina hata spika, ni kidubwasha unachomeka ku gitaa, unaweka écouteurs mu masikio, unapiga unavyotaka na hakuna muntu anasikia kitu. Patient anakiita "ya siri". Moyo wangu uko kwa hicho cha siri. Ninataka nitume ujumbe Makobola kwamba papa arudi, nyumba imekuwa kimya kabisa, haitasikika tena hata uzi mumoja. Nichague kipi?

Donatien, muuza mabati

*

Donatien,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu umeniuliza juu ya vyombo viwili vya Patient, lakini kuhusu mzee aliyeondoka na godoro lake hukuuliza kitu. Umemtaja kama bati lililolegea, kwamba tukipata msumari unaofaa atarudi mahali pake.

Tuanze na chombo, kwani ndicho ulichouliza. Patient si mwizi. Alikuuzia ukubwa, na wewe ndiye uliyeufurahia njia nzima. Ampli ya kiwanja inaanza kuwa tamu pale ambapo umati wote unaisikia. Ukiibana nyumbani, ama inanyamaza ama inafoka, katikati hakuna kitu. Ni kama kuchemsha chai ya kikombe kimoja ndani ya sufuria la matanga. Irudishe. Kwa salon yako wati tano zinatosha na kubaki. Lakini ukifika dukani usimwache Patient akujaribie kwa sauti kubwa, maana ikipiga kelele kila ampli inaonekana nzuri. Chomeka gitaa yako mwenyewe, shusha sauti mpaka uweze kuongea na Patient bila kupaza, halafu sikiliza. Kama hapo chini bado ina utamu, ni yako. Kama inakoroma tu, iache na utafute nyingine. Ikiwezekana iwe na buto mbili, moja ya kukwaruza sauti na moja ya kuipandisha, ili ukitaka mkwaruzo wa wanamuziki usilazimike kuamsha mtaa. Iwe inakubali betri, umeme wetu unaujua. Na nyumbani usiiweke chini wala usiiegemeze kwenye mbao, maana mbao nazo zitapiga pamoja nawe. Iweke juu ya kiti, ikuangalie. Wanaume watakaocheka udogo wake hawalali nyumbani kwako.

Sasa hicho cha siri. Kina faida yake kwa mtu mwingine. Wewe usikinunue.

Hujaelewa kilichomwondoa baba mkwe wako. Unafikiri ni kelele. Kelele ilikuwa ya jioni moja, na mzee aliyelala maisha yake yote kando ya mawimbi hafukuzwi na kelele ya jioni moja. Alichoishi nacho baada ya hapo ni kimya chako. Kila akiingia, mwenye nyumba anazima, anaficha kitu, anabaki mikono mitupu. Wewe unaita heshima. Yeye aliona kwamba akikohoa tu ndani ya nyumba hii, furaha ya mtu inakatika. Amepoteza nyumba yake kwa maji, amekuja kwa mkwe wake, na kila jioni anaonyeshwa kwamba ni mzigo, tena anaonyeshwa na mtu mwenye adabu nyingi kiasi kwamba hata hawezi kugombana naye. Alikuambia wazi usijibane. Ukamjibu kwa uongo, na ulikuwa wa pili, wa kwanza ulikuwa ule wa ardhi. Sasa unataka kumwita arudi kwa sababu umepata njia ya kujibana zaidi.

Fanya hivi. Usitume ujumbe. Nenda Makobola mwenyewe, na usiende na Noella, maana atasema kwa niaba yako nawe utakaa ukitingisha kichwa. Gitaa iache nyumbani. Mwambie ile siku ardhi haikutikisika. Mwambie unapenda gitaa na unaipiga vibaya. Mwombe arudi, na akirudi mpe yeye buto ya sauti, ageuze mpaka anapoona panamfaa, nawe upige hapo hapo, akiwa amekaa mbele yako.

Ukikosa ujasiri wa kupiga vibaya mbele ya baba mkwe wako, basi uza na gitaa.

*

Donatien ametuandikia tena. Tunayasoma maneno yake kama alivyoyaleta.

Mama Apollinarie, uliniumiza, lakini nilikwenda. Kwanza nilipitia kwa Patient nikachukua ile ndogo, nikaijaribu kama ulivyosema, tukaongea juu yake bila kupaza sauti mpaka yeye mwenyewe akashangaa kwamba ni tamu. Nikaibeba wazi mu mukono mumoja. Wanaume wa duka walinicheka, wakachoka kabla ya jioni.

Makobola nilimukuta Papa Placide mbele ya nyumba ya Toussaint akianika ndagala. Akanipa kiti, akaendelea na samaki wake. Nikazunguka na habari za barabara, habari za duka, habari za watoto, mpaka habari zikaniishia.

"Papa, ile siku haikuwa ardhi. Ilikuwa ni minye."

"Ninajua. Nilipita mbele yako, weye uko na gitaa ku mapaja."

"Sasa kwa nini uliniuliza kama ardhi imetulia?"

"Nilikuwa ninakupa njia ya kusema." Akageuza ndagala upande mwingine, taratibu. "Weye ukasema imetulia. Halafu kila nikiingia unaficha. Nikasema basi, mwenye nyumba ananiogopa kama polisi. Muntu ataishi namna gani mu nyumba ambayo yeye ndiye polisi?"

Nikaangalia viatu vyangu. Mwisho nikamwambia kile kingine ulichonituma, kwamba ninapenda hii gitaa sana na ninaipiga vibaya.

"Hiyo nayo ninajua," akasema. "Ukuta ni wa mbao."

Nilimuomba arudi. Akasema kwanza amusaidie Toussaint kumaliza ndagala zake, na minye nikafikiri hiyo ni njia ya wazee ya kukataa, nikarudi Uvira na aibu yangu yote. Nikamweleza Noella kila kitu, hata ile ya polisi. Alinisikiliza amesimama. Kisha akaleta bugali, na badala ya kuniachia ku meza akavuta kiti, akanawa mikono, tukala pamoja.

Jumamosi gari ikasimama mbele ya parsele, Papa Placide akashuka na vitu vyake vyote.

Jioni nikaweka ampli juu ya kiti, nikamuonyesha buto. Akaigeuza kidogo, nikapiga. Akaigeuza tena, akapita pale ambapo minye ningesimama, nikapiga, nikakosea. Akasema, "Rudia." Nikarudia, nikakosea mahali pengine. Akaongeza sauti, akasema anataka kusikia vizuri ni wapi ninapopotea. Tukaendelea hivyo, yeye na buto, minye na makosa, mpaka Noella akasema kutoka jikoni, "Ninyi wawili, mupunguze."

Papa Placide akasema hakusikia. Hatukupunguza.

*

Noella ana haki. Mpunguze.

Mama Apollinarie